Mnywaji wa Kwanza wa Bondeni

Hadithi nyingi huanza hapo zamani za kale. Yangu inaanza hapo baadaye, siku ambazo kalenda zake bado hazijachapishwa. Wewe uliyeko nyuma sogea mbele, nawe unayetafuna tafuna polepole, kwa sababu mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri. Jibu mimi sina. Ningekuwa nalo ningekaa nalo kwangu, nisingekuja kuwasumbua.

Hapo baadaye, basi, katika sayari ya Mirihi palikuwa na kambi iliyoitwa Bondeni. Iliitwa Bondeni kwa sababu ilikuwa bondeni, na wenyewe hawakuwa na nafasi ya kutafuta jina zuri zaidi. Walikaa humo watu kumi na wawili. Nje hapakuwa na hewa ya kuvuta wala jani la kuchuma, ni mchanga mwekundu, mawe, na baridi ambayo hata kuisimulia inachosha. Meli za anga zilifika mara moja kila baada ya miaka miwili na miezi miwili, nazo zilikuwa meli za kuja tu. Aliyetua hakurudi. Kama ulimwacha mtu duniani na unataka kumwona tena, njia ilikuwa moja: aje yeye.

Katika hao kumi na wawili, watatu ndio wa hadithi yetu.

Wa kwanza aliitwa Nakijwa, naye alijaliwa macho. Ukimpa picha ya jiwe alikuambia limeletwa hapo na nini na limekaa muda gani. Ukimficha kitu, alitazama kwanza kile ulichokifunikia. Duniani alimwacha binti yake, Namkunda, akiwa na miaka minne. Sasa Namkunda alikuwa na miaka tisa, na kila mwezi alimtumia mama yake mchoro. Katika michoro hiyo mama alikuwa na nywele ndefu zilizofika kiunoni, nywele ambazo Nakijwa hajawahi kuwa nazo maishani. Hakumsahihisha. Iliuma, lakini hakumsahihisha.

Wa pili aliitwa Ndahani, naye alijaliwa mikono. Alichimba visima Ugogo kwa miaka kumi na mitano kabla ya kupanda meli ya anga, na alipofika Mirihi aliendelea kushika bomba kama alivyolishika kwao. Kitu kikiharibika alikipakata, akakigeuza, na kabla hujamaliza kumweleza kilivyoharibika kilikuwa kimeshapona. Duniani alimwacha mkewe, Mbeleje, waliyekuwa wameoana naye kwa miezi mitatu tu. Walikubaliana Mbeleje aje na meli inayofuata. Meli mbili zilikuwa zimeshapita bila nafasi yake, na Mbeleje bado alikuwa na sanduku lililofungwa tayari chini ya kitanda.

Wa tatu aliitwa Halake, naye alijaliwa ulimi. Nikisema ulimi sisemi maneno, maana Halake angeweza kumaliza wiki akiwa ameitikia salamu tu. Nasema ulimi wa kuonja. Alikulia kaskazini, Marsabit, karibu na jangwa la chumvi, na tangu utotoni alijua kisima kipi kina magadi, kipi kitamuumiza ngamia na kipi kitamfaa mtu. Duniani alimwacha mdogo wake, Galgalo, aliyeacha shule akachunge ngamia wa baba yao ili Halake asome. Siku ya kuagana Halake alimwambia, "Nikifika mahali, na wewe utafika." Kwa mtu asiyesema sana, hilo lilikuwa neno kubwa.

Sasa tuingie kwenye maji.

Bondeni walikunywa maji yale yale. Jasho, pumzi, na kile ambacho watu wenye adabu hukitaja kwa kuzunguka, vyote viliingia kwenye mtambo na kutoka vikiwa maji safi. "Chai ya leo tuliikojoa juzi," Ndahani alisema kila asubuhi, na kila asubuhi Bi Nyamizi, mkuu wa kambi, alimwambia anyamaze, watu wanakula. Lakini mtambo ulikuwa ukipoteza kidogo kila mzunguko, na tangi likawa linashuka. Mgao ulipunguzwa mara moja, ukapunguzwa tena. Kutoka duniani ikaja amri: hatutamleta mtu mwingine yeyote mpaka mpate maji ya hukohuko.

Na palikuwa na desturi. Wale wa mwanzo kabisa kutua Bondeni walikuwa wachimba mifereji kutoka milimani, wakaja na mila ya kijiji chao. Kwao mfereji mpya ukifunguliwa, aliyeufungua hakunywa kwanza. Alisimama penye maji akaita mtu mmoja kwa jina, na huyo ndiye aliyekunywa kabla ya wengine wote, kabla ya ng'ombe na kabla ya mahindi. Kikombe chake kiliwekwa pembeni hadi aje. Bondeni wakaiandika mila hiyo kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa tangi: Afunguaye maji ndiye aitaye. Na kwa kuwa watu wote wa kuitwa walikuwa duniani, kuita maana yake ilikuwa kiti katika meli.

Kila mtu Bondeni aliyasoma maneno hayo akienda kuchukua mgao wake. Wengine waliyasoma mara mbili.

Wakachimba. Mashimo sita, yote kwenye mteremko wa kusini, ambako kila msimu wa joto ilitokea michirizi myeusi iliyoshuka kama maji yaliyomwagika ukutani. Mashimo yote sita yalitoa vumbi kavu.

Nakijwa akakaa mbele ya picha. Alizitazama siku arobaini, asubuhi hadi jioni, akiwa na kipande cha karatasi cha kuziba sehemu asizozitaka. Wengine wote waliitazama michirizi. Yeye aliiziba. "Huo ni mchanga unaoporomoka," alisema. "Maji hayashuki halafu yasiache kitu chini." Akatafuta mahali pasipotazamwa, akapaona upande wa kaskazini, kwenye tambarare ambayo hakuna aliyeipa hata jina. Ardhi yake ilikuwa na nyufa zilizoungana pembe kwa pembe, kama tope la bwawa lililokauka, na asubuhi utando mweupe wa barafu ulichelewa kuondoka humo kuliko kwingine. Ardhi haipasuki hivyo bila kitu chini yake kinachovimba na kunywea. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akamwita Bi Nyamizi.

"Hapa," alisema.

"Una hakika?"

"Sina hakika, Mama. Ila sehemu nyingine zote nina hakika hazina."

Ndahani akapeleka mtambo wa kuchimbia. Alichimba siku tisa, ndani ya vazi zito la anga, na glavu nene zilizomfanya ashike kila kitu kama mtu aliyefungwa bandeji. Akafika mita kumi na nne. Vumbi kavu. Mita kumi na saba, vumbi kavu. Kwenye mita ya kumi na tisa keekee, ile ncha ya kutobolea, ikaanza kulia na kupata moto, na hapo mikono yake ikafanya jambo ambalo kichwa chake hakikuulizwa. Kwao, keekee ikilia, mchimbaji humimina maji shimoni ipoe. Miaka kumi na mitano alikuwa akifanya hivyo bila kufikiri. Akachukua chombo cha mgao wake wa siku, lita mbili, akamimina.

Hilo ni kosa ambalo mtu wa ofisini asingelifanya. Asingejua kwamba maji humiminwa.

Mirihi si Ugogo. Maji yalishuka, yakagusa ardhi ile, yakaganda papo hapo, yakaibana keekee kama saruji. Ndahani akakaa chini kwenye mchanga. Aliona aibu, na aliogopa pia, maana keekee ilikuwa ya mwisho. Kwa siku nne hakula pamoja na wengine. Alitengeneza winchi kwa vyuma vya mguu wa chombo kilichowaleta, akafunga kebo, akavuta sentimita kwa sentimita. Siku ya nne bomba likatoka, na mwishoni mwake, limeng'ang'ania keekee, likatoka bonge la barafu la kijivu, kubwa kama mtungi.

Kambi nzima ilipiga vigelegele. Bi Nyamizi peke yake hakupiga.

"Ndahani," alisema, "mwanangu, barafu hii ni ya Mirihi, au ni ile uliyomimina wewe?"

Vigelegele vikakoma. Lilikuwa swali la haki.

Halake akasimama. Akavunja kipande kidogo kama punje ya mahindi, na kabla mtu hajamzuia, akakiweka ulimini. Katika kambi ile kuonja kitu cha nje kulikatazwa kabisa, kwa sababu udongo wa Mirihi una chumvi ya sumu, na mtaalamu wa tiba alikuwa ameshawaonyesha kwa michoro inavyomharibu mtu kooni. Halake alifumba macho. Akatema, akasukutua.

"Maji yetu hayana ladha," alisema. "Haya ni machungu. Ni ya hapa."

Wakaliyeyusha bonge, wakapima. Ndahani alimimina lita mbili. Bonge lilitoa saba. Tano zilikuwa za Mirihi.

Hapo ndipo walipofahamu na jambo jingine. Ile barafu iliyosagwa na keekee ilikuwa ikigeuka mvuke na kupotea kabla haijafika juu, ndiyo maana walikuwa wakipata vumbi kavu tu. Wangeendelea kuchimba vizuri, bila kosa, wangelipita tabaka la barafu na wasijue. Maji ya Ndahani yalipoganda yaliishika barafu ya Mirihi ikiwa nzima, ikapanda nayo. Nakijwa aliposikia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, na Ndahani akarudi mezani kula.

Lakini maji machungu hayanyweki, na vichujio vyao havikutengenezwa kwa chumvi kali namna ile. Vilikufa viwili kwa siku moja. Halake akaomba apewe nafasi. Kwao aliwaona wanawake wakiyaacha maji ya chumvi juani, jua linachukua maji, chumvi inabaki. Mirihi haikuwa na jua la kazi hiyo, ila baridi ilikuwepo tele. Akayatia maji kwenye chombo kilichofungwa, akakiweka nje, akakaa nacho. Maji yakianza kuganda, ile barafu ya mwanzo huisukuma chumvi pembeni. Akaitoa barafu ya mwanzo, akamwaga mabaki, akaiyeyusha, akagandisha upya. Mara tatu, mara tano, mara nane, na kila mara alionja. Koo lilimvimba. Mtaalamu wa tiba alimgombeza, naye akaitikia "naam" na kwenda kuonja tena. Mara ya kumi na moja alimletea Bi Nyamizi kikombe.

"Hayana ladha," alisema Halake. Kwa Halake, hiyo ilikuwa hotuba.

Walizamisha kisimani chuma cha joto cha kuyeyushia barafu, wakafunga kifuniko, na kisima cha tambarare ile isiyo na jina kikaanza kutoa maji. Walipopiga hesabu ya chuma kimoja cha joto na mikono miwili ya Halake, ikaonekana kisima kitaziba upungufu wa mtambo, na kitabaki na ziada ya kumnywesha mtu mmoja zaidi. Mmoja. Vyuma vingine vya joto vingeletwa na meli inayokuja, na mpaka vifike, vifungwe na vifanye kazi, ingekuwa ni hesabu ya meli ya baada yake. Duniani wakajibu: tumewatengea kiti kimoja. Tutumieni jina kabla ya adhuhuri ya Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Bi Nyamizi aliweka kikombe cha kwanza katikati ya meza ya chakula, akakifunika kwa kisahani. Akaweka karatasi na kalamu. Watu kumi na wawili wakakaa.

"Nani kafungua maji?" aliuliza.

"Mimi," alisema Nakijwa. "Ndahani angechimba mteremko wa kusini mpaka keekee iishe, na Halake asingekuwa na kitu cha kuonja. Kufungua ni kujua pa kufungua. Namwita Namkunda."

"Dada Nakijwa, nakuheshimu," alisema Ndahani, "ila wewe ulionyesha kwa kidole. Kidole chako kilikuwa ndani, kwenye joto, kwenye kioo. Mimi nilienda nje nikayaleta. Kufungua ni kutoa. Namwita Mbeleje."

"Uliyatoa kwa kukosea, kaka."

"Nilikosea kwa maji yangu. Siku ile sikunywa."

Nakijwa akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wote wakamgeukia Halake. "Mlichotoa kilikuwa sumu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, koo halijapona. "Sumu ipo Mirihi nzima, haihitaji kufunguliwa. Yalianza kuwa maji hapa, kwenye kikombe. Namwita Galgalo."

Mmoja wa wale tisa akasema wapige kura. Ndahani akamwambia kura haijashika winchi hata siku moja. Mwingine akasema kila mtu apunguze mgao wake kidogo, waje wote watatu. Bi Nyamizi akatikisa kichwa. "Mgao tumeupunguza mara mbili," alisema. "Mara ya tatu sitawaleta watu watatu. Nitawazika."

Nawaona akina mama hapo mmeshaamua. Mnasema mtoto, mtoto, aitwe mtoto. Haya. Lakini mlango wa tangi hausemi mwenye uhitaji ndiye aitaye, unasema afunguaye. Ukimwita Namkunda kwa sababu ni mtoto, umemwambia Ndahani kwamba siku zake tisa na zile nne za kuvuta hazikuhesabika, na umemwambia Halake kwamba koo lake ni la bure. Na kesho ukihitaji mtu wa kuchimba kisima cha pili, nani atatoka nje?

Nawaona na vijana, mnamtaka Ndahani kwa sababu amechekesha na kwa sababu amesubiri sana. Haya nayo. Ila mtu aliyemimina maji bila kufikiri, utamlipa kwa alichokusudia au kwa kilichotokea? Na kama ni kwa kilichotokea, basi mwambie na Nakijwa kwamba siku arobaini za kufikiri ni sawa na dakika moja ya kusahau.

Na yupo mmoja wenu hapo pembeni, kimya, naye najua anamtaka Halake. Halake ndiye aliyeweka mwili wake kwenye hatari. Lakini alivunja amri ya kambi ili aifanye kazi hiyo, na Bi Nyamizi ndiye aliyeitunga amri. Akimpa kiti, nani tena ataisikia?

Saa tano na robo Nakijwa alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alitoa mfukoni mchoro wa mwisho wa Namkunda, akauweka mezani. Mama wa kwenye mchoro alikuwa na nywele zake ndefu kama kawaida, ila safari hii hakuwa na uso. Mtoto alichora duara, akaliacha tupu.

Ndahani aliutazama mchoro, akatazama pembeni. Alimfikiria Mbeleje na sanduku lake, miaka miwili mingine na miezi miwili. Mkono wake ulisogea mezani, ukaigusa kalamu, ukarudi. Halake aliinamisha kichwa. Wote wawili walimhurumia Nakijwa na hakuna hata mmoja aliyesema "basi, na awe wako." Msiwalaumu. Kila mmoja alikuwa ameshatamka jina mbele za watu, na ukishaliita jina la mtu wako kwenye maji, kulirudisha ni kumfukuza mlangoni.

Bi Nyamizi alishika kalamu. Karatasi ilikuwa nyeupe, saa ilikuwa imebakiza dakika arobaini, na kikombe kilikuwa pale pale chini ya kisahani chake. Yeye hakuwa na mtu wa kumwita. Watu wake wote walikwisha kufa, ndiyo maana walimchagua awe mkuu. Akaiinua kalamu, halafu akauinua na uso, akatazama upande huu, upande wenu.

Hadithi yangu inaishia hapo, mkononi mwake. Macho yaliyaona maji, mikono ikayatoa, ulimi ukayafanya yanyweke. Angekosekana mmoja, pangebaki nyufa, au shimo, au sumu.

Je, wewe ungeamua vipi? Fikiri, kisha niambie. Ila usinitajie majina mawili, kwa sababu huyo wa pili utakuwa umemwita aje kunywa maji ya mwenzake. Sema jina moja, na ulisemee pale mezani, huku wale wawili wengine wanakutazama.